Kigingi cha Saba

Mtongwe, Jumatatu, 2 Oktoba 1961

Bwana Thorley ametuambia leo kwamba kila tunachoandika kazini ni mali ya serikali: tarakimu, ramani, hata vijikaratasi vya kufungia chupa za tope. Basi nimenunua daftari langu mwenyewe. Haya ni yangu.

Mimi ni Mwidani wa Boga, wa hapa Mtongwe, ng'ambo ya kusini ya bandari. Miaka minane nilikuwa karani wa soko la samaki. Tangu juma lililopita ni msaidizi wa mpimaji wa bahari, yaani huyo Bwana Thorley, kazi ambayo mwezi mmoja nyuma haikuwako, na laiti isingekuwako.

Kampuni moja ya Ulaya iliitwa itazame tope la bandari latoka wapi na laenda wapi, maana meli kubwa zinakwama. Njia yao ni kumwaga chini ya maji unga wa kioo uliotiwa miale, kidogo sana, kisha kuufuata kwa mashine. Unga ulikuja katika mirija mitano ya chuma, kila mmoja mrefu kama kidole cha kati, ndani ya sanduku zito la madini ya risasi. Tarehe kumi na tisa Septemba, mbele ya mikoko yetu, kamba ya winchi ikakatika. Sanduku likapiga ukingo wa mashua, likafunguka, likazama. Wapiga mbizi walitoa sanduku na mirija minne. Wa tano hawakuuona.

"Miale hupita kwenye chuma kama mwanga upitavyo kwenye kioo," Bwana Thorley alitueleza. "Mtu akiutia mfukoni, utamuunguza na hatahisi moto." Kisha akasema habari ya mrija isitoke nje ya ofisi, watu wasije wakafanya fujo. Mwenzangu Elkana akanyamaza. Mimi nikasema, "Ndiyo, bwana."

Jumatano, 4 Oktoba

Tumepigilia vigingi kumi na moja, toka karibu na feri ya Likoni hadi ndani ya hori, mkono wa bahari uingiao mikokoni. Kila maji yakitoka twatembea kigingi hata kigingi. Elkana abeba mashine, mimi naandika. Ni kisanduku cha rangi ya majivu chenye kijiti kama mwiko, nacho hulia tik, tik. Pasipo na kitu hulia mara thelathini kwa dakika, kwa kuwa hata mawe yana miale yao. Watoto wa Mtongwe wameshaipa jina: nyenje.

Kigingi cha saba leo: mia nne na kumi. Vingine vyote, thelathini na kitu.

Elkana ni Mmaragoli, mlokole. Chaza hali, asema ni kamasi ya bahari. Hutembea topeni kama mtu anayekanyaga mayai. Simpendi sana.

Ijumaa, 6 Oktoba

Baada ya sala chifu aliita baraza, akasoma karatasi. Kwa amri, asiingie mtu baina ya kigingi cha sita na cha nane, wala asiokote chaza, hadi itakapotangazwa tena. Akaikunja.

Aliyesimama ni dada yangu, Mwanatabu. Ndiye mkubwa wangu, ndiye aliyenilea, na katika wanawake wanaookota chaza hapana aliyemtangulia.

"Chifu, hapo pana nini?"

"Pana dawa ya kupimia tope."

"Dawa hiyo yaua?"

Chifu aliikunjua karatasi, akaitazama. "Haikuandikwa."

Watu wakacheka. Mwanatabu hakucheka, akanitazama mimi. Jioni alinijia nyumbani, akakataa kuketi.

"Wewe wafanya kazi nao. Niambie dadako. Pana nini?"

"Usiingie tu, dada."

"Baina ya sita na nane ndipo penye chaza. Kwengine kote ni magamba matupu. Wewe umekulia hapo, wajua. Mama alipokufa, nilikulisha kwa hapo."

"Najua. Usiingie."

"Chifu hajui, kwa hivyo hasemi," akasema. "Wewe wajua, na husemi. Bora chifu."

Alipotoka, mke wangu Dhahabu alisema kutoka jikoni, "Mwache. Wifi yangu hasikii la mtu." Wawili hao hawajasemezana vizuri tangu ugomvi wa kisima, mwaka wa tatu huu.

Jumanne, 10 Oktoba

Mvua. Kigingi cha saba: mia tatu na tisini.

Alhamisi, 12 Oktoba

Bwana Thorley amenipa barua nizipange, nikazisoma. Yeye aliwaandikia wakubwa watatu wa serikali kuuliza ni nani mwenye amri ya kufunga bahari yote ya hori mpaka mrija upatikane. Mmoja akajibu kwamba kazi yake yaishia gatini. Wa pili: nchi kavu ni yake, lakini maji yanapofika si yake. Wa tatu, wa Nairobi, kaandika kwamba pwani hii ni milki ya Sultani iliyokodishwa, na sasa kwa kuwa tume inasikiliza watu kama mwambao ujitenge au uungane na Kenya, si vema kuwasumbua wenyeji kwa jambo la bahari kabla ya tume kutoa neno. Kampuni nayo imejibu kwamba mkataba wake wataja tope. Hautaji watu.

Nilimuuliza, "Bwana, sasa bahari ni ya nani?"

"Juma hili?" akasema. "Yetu sisi watatu."

Ni mtu mwema. Ana mikono inayotetemeka asubuhi, lakini ni mwema.

Jumamosi, 14 Oktoba

Mvua.

Jumapili, 15 Oktoba

Mvua.

Jumanne, 17 Oktoba

Tukiwa kigingi cha tisa, Elkana alisimama ghafla. "Mwidani, kwa nini hatuambii wale wamama?"

"Tumewaambia wasiingie."

"Hatujawaambia iko kitu ya chuma. Mama akiona chuma kwa tope, atafikiri nini? Atafikiri ni chuma."

"Si kazi yetu. Twapima, twaandika."

Akaegemeza mashine kigingini. "Hawa ni watu yako," akasema. "Mimi nimekuja na treni."

Nilikasirika. Mpaka tulipofika kituo chetu cha vipimo sikumsemesha.

Ijumaa, 20 Oktoba

Kigingi cha saba: mia nne. Mapande ya tope yamekatika ukingoni kwa mvua, mizizi ya mikoko iko wazi kama mbavu.

Jumatano, 25 Oktoba

Bamvua. Tangu jana maji yametoka mbali kuliko mwezi mzima. Kigingi cha saba: thelathini na mbili.

Tulipima tena. Thelathini na moja. Tukabadilisha betri. Thelathini na mbili. Nilikimbia na buti zangu za mpira hadi kituoni, Bwana Thorley akaja mwenyewe, akakishika kijiti kwa mkono wake. Kisha akanipa mkono. Mara ya kwanza.

"Mvua imeufukia, au imeusukuma mpaka kilindini," akasema. "Huko hautamdhuru mtu."

Akaniambia niandike tangazo la Kiswahili. Niliandika: *Bahari imejisafisha kwa uwezo wake Mola.* Nikaona ni sentensi nzuri.

Elkana hakufurahi. "Unga ukimwagika, tungesikia kwa cha nane, kwa cha tisa. Mrija ukisukumwa, tungesikia kwa njia. Hii imetoka mara moja."

"Imebebwa na maji."

"Maji iko na mikono?" akasema.

Nikamwambia watu wa bara hawaijui bahari.

Jumamosi, 28 Oktoba

Chifu amesoma tangazo langu. Wanawake wamepiga vigelegele.

Saa tisa Mwanatabu alileta bakuli la chaza, la suluhu. Dhahabu alilipokea mlangoni, akasema, "Ahsante, wifi," basi. Ni mwanzo. Nilimtania dada kwamba amewahi kuingia kabla chifu hajamaliza kusoma.

"Nimengojea chifu, mimi? Niliingia tangu siku ya kwanza ya bamvua. Ukingo umekatika, chaza watazama jua. Mungu amefungua ghala, wewe wataka nisubiri karatasi?"

Tulicheka sote. Namwandika hapa akicheka.

Alhamisi, 2 Novemba

Mvua. Njia ya Nairobi imekatika. Reli pia, wasema.

Jumapili, 5 Novemba

Mwanatabu hajisikii. Atapika tangu juzi. Mumewe, Matano, hufanya kazi machimbo ya Bamburi na hulala huko, huja Jumapili tu. Leo amemkuta kitandani. Watu wengi watapika, visima vimeingia maji machafu. Vidole vyake vya mkono wa kulia vimekuwa vyekundu na kuvimba.

"Umejiunguza?" nikamuuliza.

"Sikumbuki maji moto."

Alhamisi, 9 Novemba

Dispensari wamempa mafuta ya kupaka na vidonge vya tumbo. Juu ya nyonga ya kulia, pale afungapo pindo la leso, pametoka lengelenge kubwa kama yai. Daktari msaidizi asema ni mkanda wa jeshi.

Jumapili, 12 Novemba

Mvua. Kigingi cha kwanza hadi cha kumi na moja: thelathini, thelathini, ishirini na tisa. Nimechoka kuiandika thelathini.

Jumatatu, 13 Novemba

Nywele za Mwanatabu zatoka na kitana. Dhahabu ndiye aliyekuwa akimsuka, alitoka na fundo zima mkononi, akaketi kibarazani. Matano amemleta mganga, naye asema ni jini wa mikokoni aliyekanyagiwa mwanawe.

Jumatano, 15 Novemba

Nitaandika yote kwa taratibu.

Leo ilikuwa siku ya kufunga kituo. Tulipewa amri tuivushe mashine hadi kisiwani, lakini feri ilisimama tangu saa sita, magogo ya mafuriko yamejaa njiani. Bwana Thorley alikuwa ng'ambo. Nikamwambia Elkana tuiweke kwangu mpaka kesho, kwa kuwa paa la kituo lavuja. Yeye akaiwasha kuona kama unyevu umeiharibu. Ikalia tik, tik, kama kawaida. Tukaenda nayo hivyo hivyo chini ya turubai, ikilia.

Nilitaka nipite kwa dada nimjulie hali. Tulipofika kwenye ua wa makuti wa jirani yake, Elkana alisimama.

"Sikia."

Nilisikia. Nikadhani ni mvua juu ya turubai.

Tukasogea hatua kumi. Haikuwa tik, tik tena. Ilikuwa kama mchele unaomiminwa kwenye sinia. Elkana akarudi nyuma, ikapungua. Akasogea, ikazidi. Akaelekeza kijiti kulia, kushoto, kisha mlangoni kwa dada yangu, na mshale wa mashine ukagonga mwisho wa kioo, ukabaki hapo ukitetemeka.

Sikumbuki kuvuka ua. Mwanatabu alikuwa amelala kitanda cha kamba, ukumbini, peke yake. Chini ya kitanda palikuwa na kikapu chake cha kazi.

"Dada, una kitu chochote cha chuma?"

"Hata salamu hakuna?"

"Dada, chuma! Uliokota nini?"

"Kigongeo changu?" akasema. "Kizuri mno. Kizito, chateleza, chapasua chaza kwa pigo moja. Kilikuwa pale ukingoni, siku ya bamvua." Akageuka, akapeleka mkono ule ule uliovimba chini ya kitanda anionyeshe.

Nikampigia kelele. Katika maisha yangu sijawahi kumpandishia sauti dada yangu. Akauondoa mkono kama mtoto aliyepigwa.

Elkana alikuwa ameshaweka mashine chini. "Wewe toa dada," akasema. "Mimi natoa hii."

"Elkana, una watoto."

"Toa dada!"

Nilimbeba. Alikuwa mwepesi, wallahi, alikuwa kama kikapu. Nikampeleka hadi msikitini, nikamlaza barazani. Nyuma yangu Elkana aliung'oa upondo wa mtumbwi uliokuwa ukutani, akakitia kikapu kwenye ncha, akakimbia nacho mbele yake huku akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kwenye mvua, mtu yule atembeaye kama anakanyaga mayai, mpaka kituoni, kwenye chungu cha madini ya risasi kilichowekwa kuungojea mrija. Alihesabu hadi mia na themanini. Alipotoka alitapika, lakini asema ni woga tu.

Kwa siku ishirini na mbili alikilalia juu yake. Mchana alikishika, njiani alikifunga pindoni. Na kila siku ya hizo nilipita kwenye vigingi nikaandika thelathini, nikafurahi. Kigingi cha saba kilinyamaza kwa sababu kitu kilikuwa nyumbani kwa Mwanatabu.

Bahari haikujisafisha. Niliandika mimi.

Alhamisi, 16 Novemba

Tumemvusha hadi hospitali ya kisiwani. Daktari ni mzee, alisoma karatasi alizopewa na Bwana Thorley, akavua miwani. Akanitoa hadi kwenye veranda.

"Mkono tungeweza kuukata," akasema. "Lakini ni damu. Damu yake haizaliwi tena."

"Ataishi siku ngapi?"

"Mimi sikusoma jambo hili shuleni. Hakuna aliyelisoma."

Matano amepimwa, jirani wamepimwa. Wapungufu wa damu kidogo, watapona inshallah. Waliokula chaza hawakudhurika, mrija haukupasuka. Elkana pia hakudhurika.

Jumapili, 19 Novemba

Leo alikuwa na nguvu. Dhahabu alikuwa akimlisha uji, kijiko kwa kijiko, na yeye alikuwa akilalamika uji hauna pilipili manga.

"Mwidani," akaniita. "Ile siku nilipokuja kukuuliza. Ulijua ni chuma?"

Dhahabu akakiweka kijiko.

"Nilijua," nikasema.

"Ulijua ki hivi, ukubwa wake?"

"Nilijua."

Akafumba macho. Nikangoja anitukane. Ningeshukuru.

"Ningekijua," akasema. "Ungeniambia tu, dada, ukiona kichuma, kimbia. Ningekimbia. Mimi si mpumbavu."

Kisha akataka pilipili manga, na Dhahabu akatoka mbio kuitafuta kama mtu aliyetumwa kuokoa nyumba inayoungua.

Jumatano, 22 Novemba

Sasa watu wa Mtongwe hawapiti mbele ya nyumba ya Mwanatabu. Juzi walikuja wazungu watatu wa kampuni, wamevaa nguo nyeupe toka kichwani hadi miguuni, wakachukua godoro, kitanda, vyungu, hata mikeka, wakaenda navyo. Hawakumwambia mtu neno. Watu wamesema: kama wao wavaa hivyo kuishika mikeka yake, je, yeye mwenyewe?

Ijumaa, 24 Novemba

Bwana Thorley kaniletea karatasi ya kutia sahihi, iliyoandikwa na wakili wa kampuni. Yasema kwamba mwanamke mmoja wa Mtongwe, akijua amri, aliingia eneo lililokatazwa, akachukua mali isiyo yake, akaificha. Mimi nishuhudie kwamba nilimwonya.

"Ni kweli ulimwonya," akasema bila kunitazama.

"Ni kweli, bwana."

"Ukitia sahihi, utabaki kazini. Kutakuwa na kituo cha kudumu. Nchi itakuwa yenu, mtahitaji watu waijuao kazi hii."

Nilimtazama mikono. Nilikuwa nikidhani ni ugonjwa. Ni mtu aogopaye kila siku tangu aamkapo, na woga huo mimi niliudhani ni wema. Nikasema nitalifikiri. Hata hilo ni aibu, kwamba nilisema nitalifikiri.

Alhamisi, 30 Novemba

Kikao cha uchunguzi kilikaa kisiwani, watu watatu mezani, wakili wa kampuni pembeni. Waliniita wa nne.

Mwenyekiti akauliza, "Tangazo la kukataza lilitolewa?"

"Lilitolewa."

"Kwa lugha wanayoifahamu?"

"Kwa Kiswahili safi, bwana. Lilisema msiingie. Halikusema kuna nini."

Wakili akasimama. "Shahidi alimwonya dada yake kwa kinywa chake."

"Nilimwambia usiingie, kama chifu," nikasema. "Alikuja nyumbani kwangu kuniuliza kwa nini, nami nilijua kwa nini. Nilijua mrija mmoja haukupatikana, urefu wake nilijua, na kwamba huunguza pasipo moto. Ofisi ilinikataza kusema, nikakatazika. Kisha hesabu iliposhuka niliandika kwamba bahari imejisafisha, ikasomwa barazani. Kwa hivyo mkiandika ni nani aliyeficha, msimwandike yeye."

Mwenyekiti alimwambia karani asiandike maneno ya mwisho. Karani ni kijana wa Kisauni, namjua, babake alikuwa akiuza nguru sokoni. Kalamu yake haikusimama.

Halafu Bwana Thorley aliinuka bila kuitwa. Alisema alipewa amri ya kunyamaza kwa barua, na barua anayo, naye aliitii huku akijua haifai. Akaiweka mezani. Akaketi. Mikono yake ilikuwa imetulia.

Jumamosi, 2 Desemba

Nimefutwa kazi. Barua ya mistari miwili.

Jumatatu, 4 Desemba

Mvua haijui kukoma. Dada hamtambui mtu tena.

Ijumaa, 8 Desemba

Mwanatabu alikufa jana, alfajiri. *Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.*

Tulimvusha kwa feri saa tatu, akaletwa kwangu kwa kuwa kwake hakuna hata mkeka. Kaburi lilichimbwa. Sanda ilikuwako. Waliokosekana ni waoshaji. Wanawake ambao tangu utoto wangu wameosha maiti wa Mtongwe walikuja mpaka uani, wakasimama. Mmoja wao, Mwanabibi, aliyeokota chaza pamoja naye miaka ishirini, alikuwa akilia na hakuweza kuinua mguu.

"Nina wajukuu," akasema. "Nisameheni. Nina wajukuu."

Imamu alisema kwa upole kwamba panapo hofu ya madhara sheria ina nafasi: maiti huweza kutayamamishwa kwa udongo, asiguswe maji.

Hapo Dhahabu alitoka ndani. Alikuwa amejifunga leso mbili, mikono wazi hadi kiwikoni. "Wifi yangu hatatayamamishwa kama mtu aliyekufia jangwani," akasema. "Maji yapo. Mikono ipo. Nani anijazie ndoo?"

Hakuna aliyeisogelea ndoo. Wakati huo nilimwona Elkana mlangoni mwa ua, amelowa, turubai begani. Bwana Thorley alikuwa nyuma yake, njiani, hakuingia.

"Amefungua stoo mwenyewe," Elkana akaninong'oneza. "Akasema hajaniona."

Niliichukua mashine nikaiweka katikati ya ua. Nikaiwasha wote wasikie. Tik, tik. Nikawaambia: hii ndiyo sauti ya mawe na jua, thelathini kwa dakika, ilikuwako tangu babu zetu. Kisha nikaingia nayo alipolazwa. Nikapitisha kijiti juu ya kichwa kisicho na nywele, juu ya kifua, nyongani, juu ya mkono ule uliovimba, sasa mweusi kama makaa. Nje palikuwa kimya kiasi cha kusikia kila mlio. Tik, tik. Niliuacha juu ya mkono dakika nzima, nikihesabu kwa sauti kama Elkana alivyohesabu.

"Ishirini na tisa," nikasema.

Mwanabibi ndiye aliyeiinua ndoo ya kwanza.

Tulimzika baada ya adhuhuri, mvua imepumzika. Elkana alishika jembe. Hakuna aliyemuuliza dini.

Jumatatu, 18 Desemba

Elkana amehamishiwa Kisumu. Tulikwenda pamoja hadi stesheni. Nikamwambia, "Ile siku uliniuliza, nikakujibu vibaya."

"Ulijibu kama mtu wa serikali," akasema. "Mimi pia nilinyamaza, Mwidani. Niliuliza mara moja, nikanyamaza." Sikuwa nimeliona hivyo.

Jumatano, 20 Desemba

Karani wa kikao alikuja Mtongwe kwa miguu yake kuniletea nakala ya uamuzi. Hukumu: ajali, pasipo kosa la mtu. Lakini nyuma yake pameandikwa mapendekezo kwa serikali itakayokuja: pawe na ofisi moja yenye amri juu ya bahari yote, pasiwe na kumwaga chochote baharini bila idhini yake, na likitokea jambo, wenyeji waambiwe siku hiyo hiyo, kwa lugha yao, na kwa picha ya kitu chenyewe. Sentensi hiyo ya mwisho, asema, ilitoka katika maneno niliyosema na mwenyekiti akakataa yaandikwe.

Jina la Mwanatabu halimo. Ameitwa *mkazi*.

Ijumaa, 22 Desemba

Bamvua. Maji yalitoka saa nne. Wanawake wapatao ishirini walikuwa ukingoni na vikapu vyao, wala hakuna aliyeshuka. Hawajashuka tangu mazishi. Watoto hula muhogo mtupu.

Mwanabibi akaniuliza, "Mwidani, pamebaki kitu?"

"Wasema hapakubaki. Mirija ilikuwa mitano, yote imepatikana."

"Nani aliihesabu?"

"Kampuni."

Wakatazamana.

"Na wewe," akasema, "wewe waamini?"

Mashine sina. Nakala ya karani nilikuwa nayo mfukoni, nikaona haya kuitoa. Nilifikiri nini naweza kumwambia mwanamke huyu kwa kinywa kile kile kilichosema bahari imejisafisha. Nikaketi, nikavua viatu, nikakunja suruali, nikashuka.

Nilianzia kigingi cha kwanza. Tope lilikuwa baridi. Nilikanyaga kila pahali, nikainama, nikapapasa kwa mikono chini ya mizizi, na kila nilichokigusa nilikiinua juu wakione: jiwe, gamba, kipande cha chupa, jiwe. Nilifika cha sita, nikafika cha saba. Nilikaa hapo muda. Nikaendelea hadi cha kumi na moja.

Nilipogeuka, Dhahabu alikuwa ndani ya tope hadi magotini, kikapu kichwani, anakuja. Wengine walikuwa bado wamesimama.